Kamera Isipimwe kwa K Pekee

Siku hizi kijana anayetaka kupiga filamu huulizwa swali moja tu: kamera yako ina K ngapi? Swali hilo si baya, lakini ni nusu ya swali, na nusu iliyobaki ndiyo yenye hasara. K huhesabu nukta za picha. Haisemi lolote juu ya ngazi za mwanga ambazo kila nukta imepewa, tangu giza hadi weupe. Kazi hiyo ni ya biti.

Biti ni tarakimu moja, ama sufuri ama moja (na sufuri yenyewe ni neno la Kiarabu, basi tusiiogope hesabu hii kana kwamba ni siri ya wazungu). Kila biti ikiongezwa, ngazi huongezeka maradufu. Biti 8 hutoa ngazi 256 kwa kila moja ya rangi tatu. Biti 10 hutoa 1,024. Biti 12 hutoa 4,096. Anayerekodi anga la machweo kwa ngazi 256, kisha akairekebisha sana rangi yake, huliona anga limekatika matabaka kama ngazi za baraza.

Lakini lililo zito kwetu sisi watu weusi haliko angani, liko usoni. Kihisi mwanga cha kamera huhesabu mwanga kama ulivyo. Kila unapopungua kwa nusu, ngazi nazo hupungua kwa nusu. Katika biti 12, daraja la juu kabisa hujitwalia ngazi 2,048, la pili 1,024, la tatu 512, na ukifika daraja la kumi zimebaki 4. Ngozi nyeusi hurudisha mwanga kidogo kuliko nyeupe, basi uso wa mama aliyeketi kivulini huangukia huko chini kwenye uhaba. Ukimfungulia lenzi, anga lililo nyuma yake huungua. Ni mgawanyo usio wa haki, japo hakuna aliyeukusudia.

Dawa imekwisha patikana: ni mfumo wa logi, ambao Kodak waliutumia katika faili za Cineon miaka ya 1990, na ARRI katika kamera ya ALEXA ya mwaka 2010. Mfumo huo humpunguzia mwenye nyingi na kumwongezea mwenye chache. Madaraja 14 yakigawana biti 10, kila moja hupata ngazi kama 70. Yakigawana biti 8, kila moja hupata kama 18 tu. Hapo ndipo tunapoghilibiwa: hutangazwa kwamba kamera ina logi, na biti zikanyamaziwa.

Wala tusipindukie mpaka. Star Wars: Episode II ya mwaka 2002 ilirekodiwa kwa kanda za HDCAM zenye biti 8, ikaonyeshwa duniani kote, kwa kuwa mafundi waliudhibiti mwanga. Kanuni za DCI za mwaka 2005 kwa majumba ya sinema zinataka biti 12. Anayedai kwamba hapana filamu pasipo biti 16 anatafuta kutuuzia diski.

Vyuo na vikundi vinavyonunua kamera kwa fedha za umma havina budi kuandika wazi katika hati za zabuni: biti 10 au zaidi, zinazorekodiwa ndani ya kamera yenyewe, si zile zinazopatikana tu kwa kuunganisha waya kwenye kinasa cha nje ambacho hakimo katika bei.