BARABARA YETU: TUTOE KWANZA NJIA YA MAJI

Ndugu wanachama na wanakijiji wote,

Mkutano wa juzi maneno yalikuwa mengi mpaka jua likazama bila uamuzi. Wako waliotaka greda lije na kifusi kimwagwe. Wako waliokataa: eti kijiji kimetulia, barabara ikinyooka italeta malori, vumbi na wezi wa ng'ombe. Wazee wakakumbusha Operesheni Vijiji ya mwaka 1974, watu walipohamishwa na kupangwa kando ya barabara. Wanauliza, tutahamishwa tena?

Hatuwacheki wazee. Aliyewahi kuacha boma lake ana haki ya kuuliza, na lazima ajibiwe mbele ya watu. Ila hao wezi wa ng'ombe hawajawahi kungoja barabara nzuri. Wanapita porini.

Sisi tunaona jambo lenyewe halikuguswa. Barabara yetu haili kifusi, inakula maji. Udongo wa mbuga mnaujua: kiangazi unapasuka, mvua ikinyesha unanata mpaka ng'ombe wa plau anavuta mguu. Greda lilishapita hapa, likainua tuta katikati na kuchimba mitaro pande zote mbili. Mitaro hiyo iko wapi leo? Imelimwa. Maji yamekosa pa kwenda, yamelala barabarani. Na tusinyoosheane vidole: sisi tunaoandika hapa tuna matuta mawili ya pamba ndani ya mtaro. Tutayang'oa wiki hii, mje mtazame.

Mwezi Machi mama mmoja wa kitongoji cha ng'ambo alipandishwa kwenye mkokoteni akiwa na uchungu, kwa kuwa pikipiki zilishindwa. Alijifungulia pale kwenye dimbwi, kina mayu wamemzingira na khanga. Wote wawili wako hai, tunashukuru. Msimu wa pamba nao mnaujua: lori likizama, dereva hatarudi, na pamba inalala ghalani huku wanachama wanadai fedha zao.

Kutoka Bariadi kwenda Maswa mpaka Mwigumbi ni lami. Kwenda Lamadi ni lami. Shida ni hiki kipande chetu cha kuifikia hiyo lami. Kipo chombo cha barabara za namna hii, TARURA, tangu mwaka 2017, na mwaka 2021 Bunge liliongeza shilingi 100 katika kila lita ya petroli na dizeli kwa ajili ya barabara hizo. Kwa hiyo hata kijana wa bodaboda akitia lita moja, amechangia. Tuna haki ya kudai, na tutadai makalavati kwa barua yenye muhuri. Lakini tutadai kwa uso gani, hali mitaro tumeilima wenyewe?

Tunapendekeza hivi: kila mwenye shamba linalopakana na barabara arudishe mtaro. Pale bondeni wenye mashamba matatu waachie njia ya kutolea maji, na kijiji kiwafidie kipande katika shamba la ushirika. Nyumba isiguswe hata moja. Hilo liandikwe kwenye muhtasari, lisomwe kwa sauti.

Mkutano ni Jumamosi saa tatu asubuhi, chini ya mkwaju wa ghalani. Wenye mashamba ya bondeni waje wenyewe, wasitume watoto. Majembe yaje pia.

Katibu