Sifuri Nayo ni Mraba Kamili

Ndugu msomaji, wapo watoto wanaorudi kutoka shuleni wamenyong'onyea kwa sababu ya alama moja tu. Tumchukulie mwanafunzi wa Soitsambu, huko Loliondo, wilayani Ngorongoro. Ametakiwa kuandika miraba kamili yote kuanzia 0 hadi 100. Yeye ameandika 11, akianza na 0. Mwenzake ameandika 10, akianza na 1, kisha akamcheka: "Sifuri si kitu, utaihesabuje?" Jioni mtoto anamwuliza baba yake, na baba naye anajibu kwamba sifuri si kitu. Je, nani aliye sahihi?

Kwanza tuelewane mraba kamili ni nini. Ni namba inayopatikana kwa kuzidisha namba nzima kwa namba hiyo hiyo. Kwa kuwa 3 mara 3 ni 9, basi 9 ni mraba kamili, nayo 3 ni kipeuo cha pili cha 9. Jina la Soitsambu limebeba neno la Kimaasai lenye maana ya jiwe. Basi na tutumie mawe. Chukua kokoto 9, uzipange safu 3, kila safu kokoto 3. Pande zote zimelingana. Chukua kokoto 12: utapata safu 3 za kokoto 4, au 2 za kokoto 6, lakini mraba hutaupata kamwe.

Sasa tuipime sifuri kwa kipimo hicho hicho, bila upendeleo. Je, ipo namba nzima ambayo ikizidishwa kwa yenyewe hutoa 0? Ipo, nayo ni 0 yenyewe. Sifuri imetimiza sharti, kwa hiyo ni mraba kamili. Wala kanuni hiyo si ngeni: Brahmagupta, mwanahisabati wa Bara Hindi, aliiandika mwaka 628. Neno letu sifuri limetoka katika Kiarabu, na maana yake ni tupu.

Yupo na shahidi wa pili. Andika miraba kwa mfuatano: 0, 1, 4, 9, 16, 25. Tazama tofauti zake: 1, 3, 5, 7, 9. Hizo ni namba witiri, moja baada ya nyingine. Ukiiondoa 0, ile 1 ya kwanza inakosa mahali pa kutokea.

Kwa nini basi vitabu vingine huanza na 1? Kwa sababu vinashughulikia namba za kuhesabia tu, ambazo huanza na 1. Si kosa, mradi mwanafunzi aambiwe. Swali likisema "kuanzia 1 hadi 100", jibu ni 10. Likisema "kuanzia 0", jibu ni 11. Mtoto wetu alisoma swali vizuri kuliko waliomcheka.

Kosa la baba lilikuwa kudhani kwamba kitu kitupu hakipo. Lakini mfugaji anajua zaidi ya hapo. Asubuhi mifugo ikiisha kwenda malishoni, zizi halina ng'ombe hata mmoja, lakini bado ni zizi, na anayeuliza idadi ya waliobaki ndani hupewa jibu la kweli.

Ndugu mzazi, alama moja si msiba. Msiba ni mtoto aliyesema kweli akanyamazishwa, kwani kesho hatauliza tena. Usione haya kumwambia, "Sijui, mwanangu, njoo tutafute pamoja." Kokoto hazidai cheti. Leo keti naye uani, mpange mraba wa 16, kisha mwulize ni kokoto ngapi zinahitajika ili kufika 25. Akijibu 9, mwache yeye akueleze sababu.