Tangawizi ya maua: tuipande, lakini si mahali popote

Maua ya jamii ya tangawizi yanapendeza, na sioni sababu ya kumkataza mtu kuyapanda katika parseli yake. Lakini kuna mahali pawili ambapo hayafai hata kidogo: kwenye mteremko na kando ya mto. Na Bukavu ni mji wa miteremko na mito.

Tuanze na mteremko. Mtu akiona vile vinundu vinene vilivyosukana, anafikiri vitashika udongo. Si hivyo. Vinaenea juu juu kama mkeka. Mvua kubwa ikinyesha, mkeka unalowa, unakuwa mzito, na unaweza kuteleza pamoja na udongo. Sisi ambao tulipoteza watu zaidi ya 400 kule Kalehe, Mei 2023, hatuwezi kucheza na milima. Kwenye mteremko tupande vetiveri au miti yenye mizizi inayoshuka chini sana.

Upande wa mto, hatari ni nyingine. Tangawizi ya maua ya manjano inayoitwa kahili ilitoka milima ya Himalaya, kwenye ubaridi na unyevu kama wa kwetu. Leo iko katika orodha ya UICN ya viumbe 100 vinavyovamia vibaya zaidi duniani. Imefunika misitu ya Hawaii na Réunion, na New Zealand inakataza kuiuza. Ndugu yake mweupe, mwenye harufu nzuri jioni, anapenda ukingo wa maji. Kipande kimoja cha kinundu chenye jicho, kikitupwa katika mto Kawa, kinaweza kuota mbali na parseli ilikotoka. Na msitu wa Kahuzi-Biega hauko mbali.

Wengine watasema: ni ua tu, wakaaji wana shida kubwa zaidi. Jasinti ya maji nayo ilikuwa ua tu. Ilifika katika mto Kongo miaka ya 1950, na hadi leo inawasumbua wavuvi na wenye mitumbwi.

Basi tufanye nini? Mwenye kutaka uzuri achague tangawizi nyekundu, ile yenye kutoa vichipukizi juu ya ua lenyewe. Inapenda joto; Uvira au Kindu itakubali haraka kuliko Bukavu. Ipandwe mahali tambarare, penye kivuli kidogo, kinundu kifukiwe si chini sana, udongo uwe na mboji na ubaki na unyevu. Shina likishachanua halitachanua tena. Likatwe chini ili machipukizi mapya yapate nafasi. Aliye na kahili tayari aiweke ndani ya beseni kuukuu lenye matundu, akate maua kabla ya mbegu, na vinundu vya ziada avikaushe kisha avichome. Asivitupe ndani ya mfereji.

Wauzaji wa miche nao wana kazi. Mteja akiuliza jina la mmea, kumjibu «ni maua ya kizungu» haitoshi. Na huduma ya mazingira katika kila komine ingeweza kubandika sokoni picha ya mimea isiyofaa kuuzwa. Karatasi moja haiwezi kushinda bajeti yetu. Kung'oa mmea uliokwisha kuingia msituni, hiyo ndiyo itatushinda.