Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone

Mtu akistaafu kwetu hufanyiwa hafla. Mkuu wa kazi hutoa hotuba, wenzake huchanga wakamnunulia mabati au jokofu, na tangu siku ile huitwa "mzee mstaafu". Kiinua mgongo chaweza kuchelewa, lakini heshima haichelewi.

Sasa mtazame mfanyakazi mwenye ulemavu wa akili. Kwa miaka 25 amefagia karakana, amepanga mbao, amefungua lango alfajiri kabla ya wote. Nguvu zikimwishia huambiwa maneno mawili tu: "Kesho pumzika." Kesho yake huamka saa ile ile, huvaa viatu vyake vya kazi, huketi mlangoni, na kumuuliza mama yake mbona hawaendi. Hakuna aliyemweleza kwamba safari imekwisha.

Ndugu wasomaji, hili ni jambo la kutuumiza moyo, na tena ni jambo linalorekebishika.

Tuelewe kwanza alichopoteza. Sisi wengine tukiacha kazi tunabaki na mke au mume, watoto, chama cha kufa na kuzikana, na cheo msikitini au kanisani. Yeye mara nyingi hakuozwa, hakualikwa kwenye upatu, wala hakuchaguliwa hata kuwa mweka viti. Wanaolijua jina lake na kumtania wako kazini. Wahenga walisema mtu ni watu. Basi ukimwondoa kazini pasipo kumwandalia pengine, umemnyang'anya watu wake wote kwa siku moja.

Zamani hatukuliona tatizo hili kwa sababu wengi wao hawakufika uzeeni. Nchini Marekani, mwaka 1983, wastani wa umri wa kuishi wa watu wenye sindromu ya Down, ambayo ni chanzo kimojawapo cha ulemavu wa akili, ulikuwa miaka 25 hivi. Leo ni karibu miaka 60. Tiba imewaongezea maisha, na maisha hayo yanataka shughuli za kuyajaza. Tena watu wenye sindromu ya Down huzeeka mapema, na ugonjwa wa kusahau huweza kuwaanza wakiwa bado na umri ambao wengine wamo katikati ya kazi. Sheria zetu za Tanzania zinahesabu kustaafu kwa hiari miaka 55 na kwa lazima miaka 60, lakini mwili wa mtu huyu haungoji kalenda ya ofisi. Ni lazima tuanze kujiandaa naye akiwa na nguvu bado.

Wapo watakaosema, "Ana ndugu zake, mwacheni apumzike." Kupumzika ni kujinyoosha baada ya shughuli ili kesho urudi kwenye shughuli. Kuketi ukutani tangu asubuhi hadi magharibi, mwezi baada ya mwezi, ni kifungo. Na hao ndugu ni akina nani? Aghalabu ni mama mmoja aliyevuka miaka 70, naye anahitaji wa kumshika mkono.

Huko Sydney, Australia, mtafiti Roger Stancliffe na wenzake waliijaribu njia ambayo yafaa tuisikie. Hawakuwaachisha kazi ghafla wafanyakazi wenye ulemavu. Walimuuliza kila mmoja anapenda nini, wakatafuta kikundi cha kawaida cha watu wa mtaani, kama vile karakana za wazee wanaume au bustani za jamii. Akafundishwa njia ya kwenda na kurudi. Akapunguza siku moja ya kazi kwa juma, na siku hiyo akaenda kikundini. Huko walikuwapo wanakikundi waliofunzwa kumpokea na kumwelekeza. Wengi wa wafanyakazi hao waliendelea kwa miezi sita na zaidi, wakapata watu wapya wa kujuana nao, na wakaridhika na maisha yao ya kijamii kuliko wenzao waliobaki kama zamani.

Utasema Sydney si Singida. Ni kweli, lakini Singida nako vikundi vimejaa! Tuna kwaya, vikundi vya kuweka na kukopa vya VICOBA, timu za mtaa, bustani za mboga, na mabaraza ya bao. Kinachokosekana ni mwenyeji: mtu mmoja kikundini atakayesema, "Huyu ni mgeni wangu, mimi nitamkalisha." Kazi ya mwenyeji haina siri. Aonyeshe kwa mikono kabla ya kueleza kwa maneno. Amfundishe jambo moja mpaka likae, ndipo alete la pili. Asimfanyie anachoweza kufanya mwenyewe. Asiyesoma nota atazishika nyimbo kwa sikio. Asiyejua hesabu atamwagilia matuta na kugawa vitabu. Na akichelewa, atozwe faini kama wengine, kwa maana faini ni dalili kwamba kikundi kinamhesabu kuwa mwenzao.

Nanyi waajiri, Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamtaka mwenye wafanyakazi 20 au zaidi ahakikishe asilimia 3 yao ni watu wenye ulemavu. Mmewafungulia mlango wa kuingia; wajengeeni na wa kutokea. Punguzeni siku zao hatua kwa hatua, na hafla yao ifanywe kama ya wengine. Waandikisheni kwenye mfuko wa hifadhi ya jamii tangu mwanzo, kwa kuwa Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao Tanzania imeuridhia, unawapa haki sawa ya mafao ya kustaafu.

Nanyi wazazi na ndugu, fedha hizo ni zake. Kiinua mgongo chake kisigeuke bati la nyumba ya kaka. Na kabla ya kuamua lolote, muulizeni yeye, kwa maneno mepesi, kwa picha, au kwa kumpeleka akaone. Asiyekuwapo na lake halipo. Msipange uzee wake naye yuko chumba cha pili.

Nanyi maafisa ustawi wa jamii, mnazo orodha za vikundi na mnawajua watu hawa. Wakutanisheni.

Waswahili walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni huyu anakuja na uaminifu wa miaka 25 ya kufika kabla ya wote, na kikundi gani hakina haja ya mtu wa namna hiyo? Jumamosi hii kikundi chako kikikutana, ongeza kiti kimoja. Kisha mfuate pale mlangoni, angali amevaa viatu vyake vya kazi, umwambie twende.