Miaka 14 ya Kuambiwa Tusubiri

Msimu umekwisha tena, na sisi tumebaki nje tena. Aprili hii ya 2025 Buffalo Sabres wamefunga hesabu wakiwa na pointi 79. Wameshinda michezo 36, wamepoteza 39, na mingine 7 imewaponyoka katika muda wa nyongeza au mapigo ya penalti. Wenzao wanaingia kwenye mtoano kuwania Kombe la Stanley. Wao wamefungasha viatu vya kuteleza na kwenda likizo. Ni msimu wa 14 mfululizo. Katika historia nzima ya NHL, ligi kuu ya hoki ya barafuni, hakuna timu nyingine iliyokaa nje ya mtoano muda mrefu hivi.

Kwa asiyeufuata mchezo huu, ukubwa wa aibu yenyewe ni huu: ligi ina timu 32, na 16 huingia kwenye mtoano. Nusu nzima! Hakuna anayewadai wawe wa kwanza. Wanadaiwa wasiwe katika nusu ya chini tu, na hilo limewashinda tangu 2011. Vegas hawakuwapo ligini hadi 2017. Msimu wao wa kwanza walifika fainali, na 2023 wakabeba kombe. Seattle walianza 2021, na 2023 walikuwa wameshaingia kwenye mtoano. Watoto waliozaliwa nyuma yetu wamekwisha kula na kunawa mikono, sisi bado tunangoja kukaribishwa.

Tunaolalamika ni watu wa kawaida wa mji huu wa kando ya Ziwa Erie. Wamo wazee wanaoikumbuka timu tangu ilipoanzishwa mwaka 1970. Tumo na sisi wa mtaa wa West Side, tuliokuja kutoka Kongo, Burundi na Somalia tukiwa hatujawahi kuona maji yaliyoganda yakichezewa. Watoto wetu ndio waliotuingiza. Walirudi kutoka shuleni wakitaja majina ya wachezaji, tukaketi nao mbele ya televisheni, na kabla hatujajijua tulikuwa tunapiga kelele kama wenyeji. Wengi wetu tunaamka kabla ya jua, tunakwangua barafu kwenye vioo vya gari, tunakwenda kazini, na jioni tunataka kitu kimoja cha kutupa moyo. Kwa majira 14 ya baridi, kitu hicho kimetuongezea uchovu.

Na tusidhani timu hii ilizaliwa dhaifu. Wazee wanasimulia enzi za Gilbert Perreault na fainali ya 1975. Wanasimulia Dominik Hasek, kipa aliyeonekana kama hana mifupa, aliyewafikisha fainali ya 1999. Fainali ile iliamuliwa na bao la Brett Hull wa Dallas katika muda wa nyongeza wa tatu, mguu wake ukiwa ndani ya eneo la kipa. Mpaka leo ukimwambia mzee wa Buffalo kuwa bao lile lilikuwa halali, mtagombana. Kombe halijawahi kuja hapa, na mji ulibeba uchungu huo kwa heshima, kwa sababu ulikuwa uchungu wa mtu aliyefika mlangoni. Uchungu wa sasa ni wa mtu ambaye hata safari hajaianza.

Februari 2011 Terry Pegula aliinunua timu na kutangaza kwamba tangu siku hiyo sababu ya kuwapo kwake ni kulitwaa Kombe la Stanley. Tulifurahi, hatukatai. Miezi miwili baadaye Sabres walitolewa na Philadelphia katika mchezo wa saba wa raundi ya kwanza. Huo ndio mtoano wa mwisho tulioushuhudia. Mtoto aliyezaliwa wiki ile sasa ana miaka 14, sauti imeanza kubadilika, na hajui mji huu unakuwaje timu yake inapocheza mtoano.

Kisha tukaambiwa dawa ni kushuka hadi chini ili tupande. Katika ligi hii timu dhaifu hupata nafasi nzuri zaidi katika bahati nasibu ya kuchagua chipukizi. Sabres wakawa wa mwisho 2014, wakawa wa mwisho tena 2015. Machi 2015 Arizona walitufunga katika muda wa nyongeza, uwanjani kwetu, na wapo kati yetu waliosimama kushangilia bao la wageni, kwa kuwa kila kipigo kilituongezea nafasi ya kumpata chipukizi Connor McDavid. Shabiki aliyefundishwa kuomba timu yake ishindwe amenyang'anywa kitu ambacho hakuna bahati nasibu itakayokirudisha. Na bahati nasibu yenyewe ikampeleka McDavid Edmonton.

Hata hivyo hatukukosa vipaji. Tulimpata Jack Eichel 2015, Rasmus Dahlin 2018, Owen Power 2021; wawili hawa wa mwisho walikuwa chaguo la kwanza katika ligi nzima. Lakini wahenga walisema kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana. Ryan O'Reilly alipelekwa St. Louis 2018; mwaka uliofuata akabeba kombe na kuwa mchezaji bora wa mtoano. Eichel alivutana na klabu kuhusu upasuaji wa shingo, akaondoka 2021, na 2023 akanyanyua kombe akiwa Vegas. Sam Reinhart alikwenda Florida, na 2024 ndiye aliyefunga bao la ubingwa katika mchezo wa saba. Pembeni yake siku ile alikuwapo Kyle Okposo, aliyekuwa nahodha wetu miezi mitatu tu kabla. Na Machi hii Dylan Cozens ametumwa Ottawa. Haukupita hata mwezi na nusu, yumo kwenye mtoano. Mvumilivu hula mbivu, ndivyo tulivyofunzwa. Basi mbona sisi ndio tunaovumilia na wengine ndio wanaokula?

Msimu huu walimrudisha kocha Lindy Ruff, yuleyule aliyekuwa kwenye benchi mara ya mwisho tulipoingia kwenye mtoano, na matumaini yakafufuka. Walianzia Prague, wakapoteza yote miwili. Novemba walisimama vizuri kidogo. Kisha ikaja michezo 13 bila ushindi, hadi siku mbili kabla ya Krismasi. Ndani ya kipindi hicho waliwaongoza Colorado mabao 4 kwa 0 na bado wakafungwa 5 kwa 4. Watu walitoka uwanjani kimya, na ukimya ule ulitutisha kuliko kelele.

Katikati ya mateso hayo, meneja mkuu Kevyn Adams alieleza kuwa ni vigumu kuwavuta wachezaji hapa, kwa sababu hatuna minazi na kodi zetu ni kubwa. Mchagua jembe si mkulima. Msimu huu timu iliyoongoza ligi nzima kwa pointi ni Winnipeg, mji ambao baridi yake inaizidi yetu, na huko minazi haioti. Edmonton ni kaskazini zaidi, na mwaka jana walicheza fainali. Hapa hapa Buffalo, chini ya mmiliki huyu huyu Pegula, timu ya Bills ya futiboli ya Kimarekani ilimaliza ukame wa miaka 17 na sasa mtoano ni kawaida yake. Theluji ni ileile na kodi ni zilezile, basi tusiambiwe kuwa tatizo ni mji wetu. Mji huu ndio unaonunua tiketi.

Dahlin ni nahodha sasa. Ametoa misimu saba, amesaini mkataba mrefu wa kubaki, na hajacheza mchezo hata mmoja wa mtoano. Yeye amekubali kukaa nasi. Wenye timu wamzungushie watu wazima wanaojua kulinda uongozi wa mabao manne, wawashike wanaochanua kabla hawajawa wa wengine, na wakikosea waseme wamekosea, wasiitaje hali ya hewa.

Oktoba tutarudi, wanalijua hilo, na pengine ndiyo sababu hawana haraka. Ila wasiufasiri uaminifu wetu kuwa ni ridhaa. Kombe hatulidai. Tunadai usiku mmoja wa Aprili, taa zikiwaka kando ya ziwa, na yule kijana wa miaka 14 akauone mtoano kwa macho yake kabla hajaota ndevu.