Ufuo wa Turkana Usifuate Njia ya Malindi

Atokaye Lodwar kuelekea Eliye husafiri kilomita zipatazo 60, akipita vichaka vikavu na mchanga uunguzao nyayo. Kisha mikoma hujitokeza, chemchemi za maji matamu hububujika, na Ziwa Turkana hujitandaza mbele yake kwa rangi ya kijani kibichi. Waitaliano wa Puglia na Calabria hujivunia jua lao na fukwe zao. Jua la Eliye haliwaonei wivu.

Viongozi wa kaunti wanaowaalika watalii hawaoti ndoto. Kisiwa cha Kati, chenye maziwa yake ya kreta na mazalio ya mamba, ni hifadhi ya taifa. Mwaka 1984 Kamoya Kimeu aligundua huko Nariokotome mabaki ya kijana aliyeishi zaidi ya miaka milioni moja na nusu iliyopita. Mjini Lodwar kuna tamasha la Tobong'u Lore. Barabara nayo, ambayo zamani ilikuwa adhabu, imetengenezwa sehemu kubwa. Hayo hayana ubishi.

Lililo na ubishi ni hili: ufuo huo ni wa nani?

Malindi ilipata Waitaliano kwa maelfu. (Ni ajabu kidogo kwamba mtu aache jua la kwao kuja kulifuata kwetu, lakini tusiwaulize wageni mengi.) Hoteli zilijengwa, ajira zikapatikana, na si haki kulikana hilo. Hata hivyo, wengi walilipia safari nzima huko huko Ulaya, na viwanja vya pwani vikawa na hatimiliki za watu wa mbali, huku wenyeji wengi wa Pwani wakiitwa maskwota katika ardhi waliyozikwa babu zao.

Turkana bado ina nafasi ya kuliepuka janga hilo. Kwa mujibu wa Katiba ya 2010, ardhi ya jamii ambayo haijasajiliwa huwekwa chini ya serikali ya kaunti kwa niaba ya wananchi. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 huwawezesha wananchi hao kuisajili kwa jina lao. Mwekezaji akitangulia, naye mvuvi wa Longech afuate na karatasi zake baadaye, atakuta ua umekwisha kusimikwa kati yake na maji.

Kakuma inatoa funzo la karibu. Tangu kambi ya wakimbizi ianzishwe mwaka 1992, manung'uniko ya wenyeji kuhusu kuni, maji na malisho hayajakoma. Makao ya Kalobeyei yalipopangwa mwaka 2015, wenyeji walihusishwa katika mazungumzo, na huduma zikakusudiwa pande zote mbili. Mpango huo una kasoro zake, lakini angalau mwenye ardhi aliulizwa kwanza. Iweje mkimbizi aombewe nafasi kwa heshima hiyo, na mwenye hoteli apewe ufuo kwa saini moja ofisini?

Basi kaunti isaidie usajili kwanza, kuanzia Eliye na Kalokol. Ukodishaji uwe wa muda maalumu, na njia za wavuvi na mifugo kwenda majini ziandikwe ndani ya mkataba. Ada ya kuingia Kisiwa cha Kati hukusanywa na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori. Lakini mtalii hawezi kufika kisiwani kwa miguu, na mashua ikiwa ya mtu wa Kalokol, nauli italala Kalokol.