KONA YA FAMILIA: Samaki wa mawe wanapopigana

Mwezi huu Kona yetu inaingia majini. Najua wengine watauliza, mkimbizi na samaki wa mapambo wapi na wapi? Ngojeni kidogo.

Jirani yangu ni mzee wa kutoka upande wa Uvira. Mtoto wake wa kiume aliondoka hapa kambini mwaka 2016 kwenda Marekani na mke wake. Anafanya kazi ya usiku, mchana analala, na Jumapili anampigia baba yake simu. Juzi hakupiga, alituma ujumbe wa sauti. Kwanza salamu, halafu habari za watoto, halafu kimya kidogo, halafu: "Baba, nilinunua samaki wa kwetu."

Kumbe alipita kwenye duka la wanyama akaona tangi la kioo limeandikwa jina la Ziwa Tanganyika. Akasimama pale mpaka muuzaji akamuuliza kama anajisikia vizuri. Akatoa mshahara wa wiki nzima, akanunua tangi la lita 100 na samaki sita wa rangi nyeusi na mkanda wa njano, wale wanaoitwa Tropheus. Bei hakumwambia mke wake. Sasa katika sita wamebaki watatu. Mkubwa anawafukuza wenzake mchana kutwa, mmoja mapezi yamechanika na amejibanza kwenye kona juu karibu na uso wa maji, na wa tatu hali chakula na tumbo limevimba. "Baba, nifanye nini? Naona aibu kuwaua samaki wa ziwa letu."

Mzee alicheka, halafu akaacha kucheka. Huyu mzee miaka ya 1980 alikuwa mzamiaji. Alikuwa anakamata samaki wa mapambo waliosafirishwa kwa ndege kutoka Bujumbura kwenda Ulaya. Biashara hiyo ilijulikana sana kwa sababu ya Mbelgiji mmoja, Pierre Brichard, aliyeandika pia kitabu kikubwa cha samaki wa ziwa hili kilichotoka 1989. Macho ya mzee sasa ni mabovu, kwa hiyo barua zake naandika mimi. Niliandika jibu lake, na akakubali niliweke hapa, maana hata wewe unaweza kuwa na kijana huko mbali mwenye tangi la namna hiyo.

Kwanza mjue ni samaki gani. Ziwa letu lina kina cha karibu mita 1,470 na linagawanywa na nchi nne. Ndani yake kuna aina zaidi ya 200 za samaki wa jamii hii, na karibu wote hawapatikani mahali pengine duniani. Kuhe mnayemjua kwenye sahani ni wa ukoo huohuo, yeye ndiye jitu lao. Hawa Tropheus ni wadogo, kama urefu wa kiganja, na wanaishi kwenye mawe ya kando wakikwangua majani ya kijani yaliyoota juu ya jiwe. Kila mmoja ana jiwe lake na analilinda.

Mzee alisema hivi, nanukuu kwa lugha yake: "Ile samaki haikai sita. Ukiweka sita, mukubwa atamumaliza mudogo kwanza, kisha anamufuata wa pili, mupaka anabaki peke yake. Weka makumi mbili." Mimi nilidhani amekosea. Wengi si ndiyo vita zaidi? Akasema hapana. Wakiwa wengi, mkali hajui amfukuze nani. Anaanza na huyu, anapita yule, anachoka, na kipigo kinagawanyika. Wakiwa wachache kipigo chote kinamwangukia mmoja. Wafugaji wa huko pia ndivyo wanavyofanya, wanafuga kundi la 15 au 20 kwenye tangi kubwa la lita 300 na zaidi, madume machache na majike mengi. Shida ni kwamba dume na jike wa aina hii wanafanana, si rahisi kuwachagua dukani.

Halafu kuna dawa ya mkali ambayo haiuzwi. Mtoe yule mkorofi, mweke peke yake siku kadhaa. Wakati hayupo, pangua mawe yote, uyapange upya. Akirudi anakuta mtaa haujui, jiwe lake halipo, na wenzake wameshashika sehemu. Yeye ndiye mgeni sasa. Hata ukiongeza samaki wapya fanya hivyohivyo, pangua mawe kwanza, halafu uwaingize taa ikiwa imezimwa. Akina mama wanaofuga kuku hapa watakuwa wanatikisa kichwa, maana tetea mgeni naye tunamwingiza bandani usiku, wakiamka asubuhi wanadhani alikuwepo siku zote. (Haifaulu kila mara, kwangu jogoo aligundua.)

Sasa ugonjwa. Hapa mzee alikuwa mkali kweli. Aliuliza kwanza, "Unawalisha nini?" Kijana alikuwa anawapa vipande vya nyama ya ng'ombe, kwa upendo tu, alitaka wanenepe. Samaki huyu tumbo lake ni la kula majani. Utumbo wake ni mrefu, na nyama inakaa humo muda mrefu mno. Ukichanganya chakula kisichomfaa, maji machafu na hofu ya kufukuzwa kutwa, unapata ugonjwa wa kuvimba tumbo. Dalili zake ni hizi: kwanza anakuja kwenye chakula lakini anakitema, halafu haji kabisa, anajitenga, anapumua haraka, choo chake kinakuwa cheupe kama uzi, mwisho tumbo linavimba. Ukisubiri mpaka tumbo livimbe umeshachelewa, mara nyingi hafiki wiki. Anayefukuzwa ndiye anayeanza kuumwa, kwa hiyo usitibu tumbo ukamwacha mkorofi palepale.

Acha kulisha siku mbili tatu, badilisha maji, mtenge mgonjwa. Wafugaji wengi wanatumia metronidazoli, na ndiyo ileile mnayopewa zahanati kwa ajili ya tumbo. Huko wanauziwa ya samaki yenye maelezo ya kipimo. Tafadhali, wa hapa kambini, msije mkabeba vidonge vya mtoto kwenda kujaribu kwenye ndoo ya samaki! Na baada ya hapo chakula kiwe cha majani tu, kidogokidogo.

Kuhusu maji sitaandika mengi. Tangi jipya halina bakteria wa kusafisha uchafu wa samaki, na inachukua wiki nne hadi sita mpaka wazaliane vya kutosha kwenye chujio. Kijana alitia maji asubuhi, akatia samaki jioni. Mkojo na mavi ya samaki yanatoa amonia, na kwenye maji ya chumvichumvi na magadi kama ya ziwa letu amonia ni sumu kali zaidi kuliko kwenye maji laini. Kila wiki atoe robo ya maji aweke mengine, na kama ni ya bomba yaliyotiwa klorini ayatibu kwanza. Joto liwe kati ya nyuzi 24 na 27.

Mwisho wa barua mzee alimpa mtoto wake njia mbili. Kama ana pesa ya tangi kubwa, anunue na afuge kundi. Kama hana, asione aibu, awarudishe dukani wale wazima, achukue wale wadogo wanaokaa ndani ya magamba ya konokono mchangani. Hao hawazidi sentimita tano, tangi la lita 100 linawatosha ukoo mzima, na kila mmoja ana gamba lake la kukimbilia akisumbuliwa.

Jibu limefika wiki iliyopita. Aliyevimba alikufa kabla barua haijafika. Wawili duka limewapokea, bila kurudisha hela. Mke ameshajua bei, na kwa hilo sitaandika lolote. Sasa wana samaki wanane wa magamba, na binti yao mdogo amewapa majina ya shangazi zake walioko hapa Kasulu.

Walituma picha. Mzee aliisogeza simu mpaka ikagusa pua, akatazama sana yale magamba. Akasema haya si ya ziwani. Ni kweli, dukani wanauza magamba ya konokono wa nchi kavu, wale wanaoliwa na Wafaransa. Mzee akarudisha simu. "Lakini wameingia?" Nikamwambia wameingia wote.

Mwezi ujao tutarudi kwa kuku: chanjo ya kideri, lini na kwa kipimo gani. Mwenye swali alilete kwa karatasi au kwa mdomo, nipo.